Mistari ya Kinga

Nyemo Chidawali alikuwa mtu wa kunusa maziwa kabla ya kunywa, hata kama ng'ombe amekamuliwa mbele ya macho yake. Akipewa kiti, alikitikisa kwanza. Akiambiwa mvua inakuja, alitoka nje akaitazama mbingu mwenyewe, kisha akamtazama aliyemwambia. Katika jiji lingine lolote angeitwa mwangalifu. Dodoma ya siku zile ilimwona mgonjwa, tena ilimhurumia, na majirani walimpitia kumjulia hali.

Maana Dodoma ya siku zile haikuwa na kufuli. Mafundi wa vitasa walikuwa wamegeuka wauza maua. Ukumbi wa mahakama ulikodishwa kwa harusi, na ulipendwa kwa sababu viti vyake ni vingi. Kwenye foleni ya maji mtu aliweza kuiacha ndoo yake, akaenda kunyolewa, akarudi akaikuta pale pale imejaa pomoni. Lilikuwa jiji tamu, Nyemo mwenyewe hakukana. Hata hivyo machale yalimcheza toka asubuhi hadi jioni, na hakujua yanamchezea nini.

Katikati ya jiji hilo, maghorofa yakiwa yamelizunguka pande zote, lilikuwapo Shamba la Utafiti la Chimuli, mali ya serikali. Nyemo alizaliwa ndani ya uzio wake, kwenye kota za wafanyakazi, na sasa shamba lilikuwa linakaribia kutimiza miaka mia. Alipewa kazi ya kuisimulia historia yake kwenye kinasa sauti, ili wageni wa sherehe waisikie masikioni wakipita kati ya vitalu.

Akaisimulia jinsi alivyoijua. Alianza na afisa wa kikoloni aliyekuja na kamba ya kupimia, akawaambia wenyeji wahamishe mbuzi wao kwa muda tu, na huo muda haujaisha mpaka leo. Akaja kwenye Uhuru, mabwana shamba wapya na suruali zao zilizonyooshwa, wakihubiri mtama kwa watu ambao babu zao walikuwa wakilima mtama tangu hapo. Akaeleza jiji lilivyopanda kutoka bondeni, likaufikia uzio, likauzunguka, na jinsi kila mkubwa aliyepita na gari alivyolimezea mate shamba lile. Alipofika kwenye Mwaka wa Foleni, alizima kinasa. Mwaka huo mvua zilikata, watu wakauana kwenye foleni za unga kwa kutiliana shaka tu. Mumewe, Matika, alipigwa mawe kwa kuwa kifua chake kilionekana kimevimba. Walisema ameficha unga. Kilichokuwamo ndani ya shati ni bandeji.

Baada ya mwaka ule Chimuli ilitoa mtama mpya, mweupe, uliostahimili ukame hata juu ya mapaa. Watu waliuita Tulizo. Jiji zima lilikula Tulizo, likashiba, likatulia.

Kota peke yake ndiyo haikula, na sababu yake ilikuwa ndogo. Kila kitalu cha majaribio huzungukwa na mistari michache isiyopimwa. Mimea ya pembeni hupata jua na upepo kuliko wenzake wa ndani, kwa hiyo ukiihesabu itakudanganya. Basi huachwa nje ya hesabu, ikakaa pale kuwakinga wale wa ndani. Ndiyo mistari ya kinga. Chimuli ilipanda humo mtama mwekundu wa zamani, na desturi tangu enzi za yule afisa wa kamba ilikuwa moja: mavuno ya ndani yanakwenda maabara, ya pembeni yanakwenda kwenye vinu vya kota. Ndiyo maana mjini watu wa kota walijulikana kwa ubishi. Walidai stakabadhi. Waliuliza bei mara mbili.

Misimu miwili nyuma uongozi ukaona huruma. Ukaanza kuwagawia kota unga wa Tulizo uliokwisha kusagwa, kwenye mifuko mizuri, ili kina mama wapumzike kutwanga. Wote walipokea. Nyemo aliunusa mfuko wake, akaurudisha, akaendelea kutwanga mtama mwekundu uliobaki kwenye kihenge cha marehemu mama yake. Kota nzima ilimcheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kizuri mno, hakina hata sumu kidogo, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

*

"Jumamosi nang'oa mistari ya kinga," alisema Masinjila.

Masinjila alikuwa mdogo wake Nyemo wa tumbo moja, na msimamizi wa shamba. Trekta la Chimuli halikuwa na dereva; lilitii sauti, na sauti lililoitii ni ya Masinjila peke yake. Alikuwa amechuchumaa uani akifua kanga za mkewe huku akiimba.

Nyemo aliweka chini ungo wake. "Mistari yote?"

"Yote. Sherehe inakuja. Dakta Chilewa anataka mbegu moja shamba zima, iwe nyeupe, ipendeze kwenye picha. Na kota wanatuhamishia kwenye ghorofa."

"Ghorofa gani?"

"Sijauliza, dada."

Nyemo alimtazama mdogo wake huyu ambaye zamani alikuwa akikagua msumari kabla ya kuupigilia. Mistari ile alikuwa akiilinda kama mboni ya jicho. "Hujauliza! Na mbegu nyekundu itabaki wapi?"

"Sijui. Kile kihenge chako nacho wameomba nikichukue. Wameomba vizuri tu." Akakamua kanga, akaikung'uta, akaianika kwa uangalifu. Mkewe, Mbeleje, alipita na sufuria, akampiga bega kwa utani, naye akacheka.

Miaka nenda rudi Masinjila alikuwa amemtesa yule mwanamke kwa wivu. Alimfungia ndani. Alinusa nguo zake. Siku moja alimvunja kifundo cha mkono kwa sababu mtu wa posta alimsalimia kwa jina, na mpaka leo mkono huo ulishindwa kuushika mwiko sawasawa. Sasa mwanamume yule yule anafua kanga na kuimba. Nyemo alifurahi, kisha akaogopa furaha yake.

*

Dakta Chilewa, mkurugenzi wa Chimuli, alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini. Alimpokea Nyemo getini, wakaingia vitaluni kwa miguu, yeye akionyesha huku na huku amtajirishie historia yake.

Nyemo hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama masuke. Katikati ya kitalu cha Tulizo alilishika suke moja, akaliminya, na punje ikapasuka ikatoa vumbi jeusi kama masizi ya chungu. Akaminya la pili, la tatu. Mkono mzima ukawa mweusi.

"Dakta, hii ni fugwe."

Kila mtoto wa kota aliijua fugwe. Ni ugonjwa unaoula mtama ndani kwa ndani, ganda linabaki zima, punje yote inageuka vumbi, na vumbi hilo likipeperuka linaambukiza msimu unaofuata.

Dakta Chilewa aliinama, akaligusa lile vumbi kwa kidole, akalitazama. Kisha akaitazama nguzo iliyosimama ukingoni mwa kitalu. Nguzo zile zilisoma mimea kwa mwanga na kutoa hukumu kwenye kioo kidogo. Kioo kilikuwa kijani.

"Nguzo inasema salama," alisema.

"Nguzo si iko huko! Fugwe iko mkononi mwako."

"Ndiyo, naiona." Akatabasamu. "Lakini nguzo inasema salama."

Nyemo alimkazia macho kutafuta uongo. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alitafuta jicho linalokwepa, jasho, kikohozi cha kununua muda. Hakuona kitu. Mtu yule alikuwa na vumbi kidoleni na amani usoni, na vyote viwili alivibeba bila shida. Nyemo alivuka hatua chache hadi kwenye mistari ya kinga, akaminya masuke mekundu moja baada ya jingine. Punje zilikuwa ngumu na safi.

Wakati huo mhudumu alimletea mkurugenzi chakula chake pale pale kivulini. Ugali mweupe wa Tulizo na mlenda. Nyemo alikuwa ametegemea wakubwa wawe na chungu chao cha siri. Dakta Chilewa alimega tonge kubwa, akala kwa raha, akamkaribisha.

"Ahsante, nimeshiba," Nyemo alisema. Akaamua kuuliza waziwazi, alivyokuwa hajamuuliza mtu yeyote maisha yake yote. "Dakta, ndani ya Tulizo mliweka nini?"

Alingoja akemewe, au achekwe, au aitiwe mlinzi.

"Kitulizo," alisema Dakta Chilewa, akilamba kidole. "Katika ubongo kuna kijisehemu kidogo kinachouliza, je, kama si kweli? Mwaka wa Foleni kilikuwa kimewaka kwa kila mtu, watu wanachinjana. Walionitangulia walitafuta mtama wa kukilaza. Mtu akiuacha siku chache, kinaamka tena. Lakini nani auache? Ni mtamu."

"Na mkatulisha bila kutwambia?"

"Hakuna aliyeuliza, Bi Nyemo. Wewe ndiye wa kwanza. Watafiti wenyewe ilibidi waule, waujaribu kabla ya wananchi. Ndiyo utaratibu wetu hapa, hatumpi mtu tusichokula."

Nyemo akaelewa. Hapakuwa na njama. Afadhali ingekuwapo, maana mwenye njama huwa macho. Hawa walikuwa wameila dawa yao wenyewe, wakabaki na maabara, makoti meupe na nguzo za kijani, ila kile kitu kinachomfanya mtafiti arudie kipimo kilikuwa kimelala fofofo. Fugwe ilikuwa imeingia, wanaiona, wala haiwasumbui. Jiji, ambalo mbegu yake yote ilitoka Chimuli, lilikuwa limebakiza msimu mmoja wa kula. Na mbegu safi ya mwisho ingeng'olewa Jumamosi, ili picha zipendeze.

*

Alikwenda kwanza kwa watu. Alisimama kwenye foleni ya maji ya barabara kuu, akapaza sauti, akaeleza yote, fugwe na kitulizo, akaonyesha kiganja chake cheusi.

Walimsikiliza kwa makini. Walimwamini wote. Mama mmoja alilia, akamshukuru kwa kuwaambia. Nyemo alihisi moyo unamwinuka kwa mara ya kwanza toka Matika azikwe.

"Basi twendeni Chimuli tukazuie," alisema.

"Twende," walisema.

Getini walimkuta Dakta Chilewa, akawasalimu, akawaeleza kwamba nguzo zinasema salama. Wakamwamini naye. Wakamshukuru, wakamuuliza habari za watoto, wakarudi kwenye ndoo zao. Yule mama aliyelia alimshika Nyemo mkono njiani, akamwambia, "Umeona? Kumbe mambo mazuri." Nyemo alitamani amtikise. Alitamani hata mtu mmoja amtukane, amwite mwongo, ilimradi apatikane mtu wa kubishana naye.

Ndipo alipojua kwamba maneno hayatafaa kitu. Alihitaji mtu mmoja mwenye mashaka, na mtu huyo alitakiwa awe na sauti inayotiiwa na trekta.

*

Alimkuta Mbeleje jikoni akisonga ugali kwa mkono wake mzima, ule mbovu ukiishikilia sufuria.

"Wifi, nataka kukuomba ruhusa."

"Ya nini, wifi yangu?"

Nyemo alikaa kwenye kigoda. Alikitikisa kwanza. "Nataka nimpikie Masinjila mtama mwekundu toka leo mpaka Jumamosi. Arudi kuwa na mashaka, akatae kung'oa mistari. Asipokataa, mwakani tutakufa njaa, sisi na jiji zima."

"Basi mpikie."

"Hujanielewa. Wivu wake utarudi. Yule Masinjila wa zamani." Akauangalia ule mkono. "Atakayelipia ni wewe. Mimi sina haki ya kuamua peke yangu. Ndiyo maana nakuuliza."

Mbeleje aliusitisha mwiko. Alifikiri, au alionekana kufikiri. Halafu uso ukamchanua kama wa mtu aliyepewa zawadi.

"Wewe ni dada mkubwa. Unajua unachofanya. Pika, wifi."

Nyemo alitoka nje akaegemea ukuta. Ruhusa alikuwa nayo, na haikuwa na uzito hata wa pumba. Angemwomba Mbeleje ajitupe kisimani, angemjibu vile vile. Alitamani amlishe yeye kwanza mtama mwekundu, aamke, ndipo amuulize upya. Akajiambia kihenge kimekaribia kuisha, unga hautawatosha wawili. Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba aliogopa Mbeleje akiamka atakataa, na angekuwa na haki ya kukataa.

Chimuli waliwalisha watu utulivu bila kuwauliza. Yeye alikuwa anakwenda kumlisha mdogo wake mashaka bila kumwambia. Alijaribu kuona tofauti ya mambo hayo mawili akashindwa, akaenda kutwanga.

*

Masinjila alikula alichopewa. Siku za mwanzo aliimba kama kawaida. Kisha akapunguza kuimba. Ijumaa alifua kanga, akazianika, akasimama akizitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kanga.

Jumamosi asubuhi Masinjila alikuwa ameshaliita trekta mbele ya kota, linanguruma chini chini, linangoja sauti yake. Dakta Chilewa alikuwa amesimama pembeni na wapiga picha, wote wameng'ara. Nyemo alimtengea Masinjila bakuli la uji mwekundu barazani.

Masinjila alikunywa funda moja. Akalishikilia mdomoni. Akalinusa bakuli.

"Dada," alisema polepole, "umetia nini humu?"

Nyemo alikuwa amelingoja swali hilo kwa hamu ya mtu anayengoja mvua, na sasa limekuja lilimchoma. Mashaka ya kwanza ya mdogo wake yalikuwa juu yake yeye, tena hayakukosea.

"Mtama wetu," alijibu. "Wa mama. Nimekulisha bila kukwambia, ili uamke."

Masinjila alinyanyuka. Aliukunja uso wake, ile ndita ya zamani ikarudi katikati ya nyusi. Alilitazama trekta, akamtazama Dakta Chilewa na meno yake. Akashuka barazani, akaenda kwenye kitalu cha karibu, akaminya suke. Akaminya jingine. Akarudi na viganja vyeusi.

"Nani amesema ing'olewe hii myekundu?" aliuliza. "Amepima nani? Amepima lini?"

"Nguzo inasema..." alianza Dakta Chilewa.

"Nguzo imemwuliza nani? Wee trekta, zima!"

Trekta likazima. Wapiga picha walitabasamu kwa kuwa hawakujua la kufanya. Mistari ya kinga ilibaki imesimama, myekundu, mabua yakigongana kwa upepo. Nyemo alitaka kulia kwa furaha.

Lakini Masinjila alikuwa hajamaliza. Aligeuka taratibu. Mbeleje alikuwa mlangoni, kikombe cha uji wa Tulizo kwenye mkono wake mzima.

"Na wewe," alisema, kwa sauti ambayo kota haikuisikia kwa misimu miwili, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mume wangu," alisema Mbeleje, anatabasamu, hana hata chembe ya woga. "Wifi aliniuliza."

Masinjila alipanda ngazi ya kwanza. Akapanda ya pili. Nyemo alikwisha kusimama kati yao kabla hajajua kwamba amesimama.

"Mguse, uanze na mimi," alisema. "Hao wote pale chini wanaamini kila kitu. Mimi siamini hata pumzi yako. Nakuona, Masinjila. Leo nitakuona, kesho nitakuona, na mkeka wangu nauhamishia mlangoni kwake."

Walitazamana. Mdogo wake alihema, akautazama mkono wa mkewe, ule ulioshindwa kushika mwiko, kwa jicho la mtu anayeuona upya. Alishuka ngazi kinyumenyume, akaenda kukaa kwenye gurudumu la trekta, viganja vyeusi juu ya magoti.

Nyemo alilichukua lile bakuli la uji mwekundu, bado lina moto. Alimgeukia Mbeleje, akakitoa kikombe cheupe mkononi mwake, akampa bakuli. Alijua kwamba kesho au kesho kutwa macho yale yatajaa hofu, na kitu cha kwanza yatakachokiona ni yeye, na alichokifanya.

"Usinywe kwa sababu nimesema mimi," alisema. "Nakusihi, wifi."

"Sasa ninywe kwa sababu amesema nani?" aliuliza Mbeleje, akacheka, akanywa mpaka chini.